Uzi wa makgeolli: angalia tarehe ya chupa kwanza, ndipo uchague chakula

#1 MgeniBusan

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya muda naona mdau humu anasimulia kwamba alipita Korea Kusini, akapewa makgeolli, ile pombe nyeupe ya mchele, akaiona kama uji uliotiwa sukari, akarudi kwenye bia yake. Mimi nipo Busan mwaka wa sita sasa, na mwaka wa kwanza nilisema hayohayo. Nilikosea. Naomba nieleze nilikosea wapi, maana wengi wanakosea palepale.

Nianze na jina. "Mak" kwa Kikorea ni hivihivi tu, au sasa hivi. Sehemu ya pili inatokana na kuchuja. Kwa hiyo makgeolli ni kitu kilichochujwa juujuu, au kilichochujwa sasa hivi. Mawili hayo shikeni yote: haikusafishwa sana, na haikutengenezwa ili iwekwe.

Mchele unalowekwa, unapikwa kwa mvuke hadi uive huku punje zikibaki ngumungumu, unapozwa, kisha unachanganywa na maji na nuruk. Nuruk ni ngano iliyoparazwa, ikaloweshwa kidogo, ikashindiliwa kama mkate bapa na kuachwa iote ukungu kwa wiki kadhaa. Ukungu ule unavunja wanga wa mchele kuwa sukari. Humohumo mna hamira ya asili inayogeuza sukari kuwa kilevi, na bakteria wa uchachu, jamaa wa wale wa maziwa mgando. Wote wanafanya kazi kwa wakati mmoja katika mtungi mmoja. Kwetu kazi ya kuvunja wanga tunampa kimea. Wao wamempa ukungu. Kinachochujwa hapo ni kikali, asilimia 12 hadi 18 hivi, ndipo hutiwa maji kikashuka hadi 6 au 8. Ule weupe ni chembechembe za mchele ambazo hazikuyeyuka.

Sasa kosa langu. Nilinunua chupa ya kwanza dukani chini ya ninapoishi, nikaitikisa, nikainywa kavu bila kula chochote. Ilikuwa na utamu bapa, haupandi wala haushuki. Miezi baadaye, nilipojifunza kusoma lebo, nikakuta neno 아스파탐, aspatamu, kitia utamu cha kiwandani. Viwanda vingi huitia kwa sababu nzuri tu: pombe ikiwa bado hai, sukari ya kawaida utakayoiongeza italiwa na hamira, lakini aspatamu hamira haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki palepale kila siku. Tatizo ni kwamba ukiizoea hiyo hutajua kamwe kwamba makgeolli hubadilika kila siku.

Kwa hiyo mkiwa dukani tafuteni maneno haya. 생, saeng, maana yake hai. Hiyo iko kwenye friji na muda wake ni mfupi, wiki mbili hadi mwezi, nyingine siku kumi. 살균 ni iliyopashwa moto ikauliwa vijidudu, haibadiliki tena. 누룩 ni nuruk. 입국, ipguk, ni mchele ulioteshwa ukungu wa aina moja uliochaguliwa, na hutoa uchachu safi wa kama ndimu. Nuruk hutoa ladha pana zaidi, yenye harufu ya udongo na ngano. Kisha angalieni tarehe. Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu.

Mwezi uliopita nilifanya hivi. Nilinunua chupa tatu za tarehe moja: mchele, nuruk na maji, basi, asilimia 6. Nikazisimamisha ndani kabisa ya friji, mbali na mlango.

Ya kwanza niliifungua siku ya pili tangu ijazwe. Harufu ya tikiti na ndizi inayoanza kuiva, na chini yake mvuke wa wali. Mdomoni utamu ulitangulia, gesi karibu haipo, na mwisho kabisa ule unga mwororo ukabaki kwenye ulimi. Ukiinywa peke yake inachosha baada ya bakuli moja. Nikapasha tofu, nikakaanga kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, na mafuta ya ufuta kidogo, nikaviweka sahani moja. Wenyewe wanaita dubu-kimchi. Pilipili na chumvi ya kimchi vilipogusana na ule utamu, kila kimoja kilimtuliza mwenzake. Bakuli tatu ziliisha bila mimi kuona.

Ya pili, siku ya nane. Nilipolegeza kifuniko tu, mlio wa gesi. Utamu umepungua nusu, uchachu umepanda, na vile viputo vidogo vinachoma ncha ya ulimi. Hii ndiyo ya vitu vya kukaanga. Nikatengeneza pajeon. Kwa asiyeijua, ni chapati ya maji iliyojaa majani ya vitunguu mzimamzima, ukipenda na ngisi na chaza, inakaangwa kwenye mafuta mengi hadi kingo zikauke na kulia zikivunjwa, huku katikati ikibaki laini. Unachovya kwenye mchuzi wa soya wenye siki. Mafuta yanapoganda kwenye kaakaa, funda moja la makgeolli ya siku ya nane linayasafisha, na mdomo unarudi mpya.

Ya tatu, siku ya kumi na tano. Hapa bwana. Utamu karibu umekwisha, uchachu umeshika usukani, nyuma yake uchungu mdogo, na ukakasi kwenye fizi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Wakorea wakieleza pombe hii wanataja ladha tano: utamu, uchachu, uchungu, ukakasi na ukali. Siku ya pili nilikuwa nazipata mbili. Siku ya kumi na tano nilizihesabu zote tano. Nilichemsha nyama ya nguruwe yenye mafuta na tangawizi na vitunguu, nikaikata vipande vinene, nikavifunga kwenye jani la kabichi la chumvi pamoja na kimchi. Bossam. Nyama ile na pombe changa ni bure kabisa, nilishajaribu, utamu juu ya mafuta unakinaisha. Kwa hii iliyokomaa, ule uchachu unaingia kwenye mafuta kama ndimu kwenye samaki wa kukaanga.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "makgeolli inaliwa na nini?" mimi namuuliza: ya siku ngapi?

#2 Ulezi_Mwekundu

Mkuu umeandika vitu. Mimi wa Moshi, nimekulia kwenye mbege, kwa hiyo ya siku hizi nakuelewa sana. Mbege ya jana na ya leo hazifanani. Maswali mawili. Moja, hicho chupa kinatikisika vipi bila kumwaga, maana umesema ina gesi? Pili, kwenye picha naona wanainywea kwenye vibakuli vya bati vya njano vilivyobonyea. Ni mbwembwe au vina kazi?

#3 MgeniBusan

Usitikise kama dawa ya kikohozi. Kwanza iache isimame usiku kucha. Asubuhi utakuta imejigawa: juu maji ya rangi ya majani makavu, chini mashapo meupe. Mwaga nusu bakuli ya ile ya juu polepole, uionje kwanza. Ni nyepesi, kali kidogo, na hapo utausikia uchachu waziwazi bila unga kuufunika. Kisha funga, pindua chupa kichwa chini na uirudishe, taratibu, mara tatu nne, mpaka mashapo yaachane na kitako. Ifungue imeinama kidogo, unalegeza, unasikiliza, unafunga, unalegeza tena.

Kuna moja ya mji wa Ulsan inaitwa Boksoondoga, hiyo gesi yake ya asili ni nyingi mno. Hupindui kabisa. Unalegeza kifuniko, mapovu yanapanda kutoka chini na mashapo yake, unafunga kabla hayajafika mdomoni, unarudia hata mara kumi. Inajichanganya yenyewe, na kuitazama tu ni raha. Hiyo naila na vitu vya bahari vibichi.

Na chupa hai usiilaze. Vifuniko vingi vimeachiwa upenyo ili gesi itoke, ukiilaza inavuja. Mimi niliwahi kulaza mbili kwenye begi, safari ya basi ya muda wa saa nne, kiangazi. Moja ilivuja yote kwenye nguo, nyingine ambayo kifuniko chake kilikuwa cha kubana ilifumuka nilipoigusa tu, ukuta wa chumba cha mwenyeji wangu ukawa mweupe mpaka juu. Mama wa watu alinipa kitambaa bila kusema neno. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Vibakuli: mdomo mpana una kazi, harufu inapata nafasi, na unga unauona ukizama hivyo unajua wakati wa kukoroga kwa kijiti. Lile bati la njano linapoa haraka. Kwa kuonja kwa makini mimi natumia glasi ya divai, sioni aibu. Joto la nyuzi 5 hadi 10 linatosha. Ikiwa baridi zaidi ya hapo harufu inajificha.

#4 BintiUnguja

Mimi situmii kilevi, ila nasoma Jeonju, na Jeonju ndiyo penyewe kwa haya mambo, kwa hiyo naomba kuchangia upande wa meza.

Mtaa wa Samcheon-dong kuna mabaa ya makgeolli yamepangana. Wenzangu wa darasani wakienda huwa nakwenda nao, nakula. Huagizi chakula, unaagiza birika. Ukiagiza birika moja, meza inajaa: tofu, samaki wa kuchoma, konokono wa bahari, mayai, kimchi aina tatu, supu. Likija birika la pili vinaletwa vingine, na vizuri kuliko vya kwanza. Dada yangu alipokuja kunitembelea alidhani wamekosea meza.

Adabu zake nimezipenda. Hujimiminii mwenyewe, mwenzako anakumiminia. Ukimmiminia mkubwa unashika birika kwa mikono miwili, na mdogo akinywa mbele ya mkubwa anageuza uso pembeni. Nilipowaambia kwamba nyumbani sisi tunapokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili walifurahi sana.

Kwa Waislamu wenzangu watakaofika huku: mtaletewa kinywaji cha moto cha hudhurungi kinaitwa moju, kina tangawizi, mdalasini na tende za Kichina, mtaambiwa kilevi kimeruka chote. Hakijaruka chote. Ni makgeolli iliyochemshwa na kuna kilevi kidogo kinabaki. Ombeni sikhye. Hiyo ni wali uliolowekwa kwenye maji ya kimea cha shayiri ukageuka mtamu, inanywewa baridi na punje za wali zinaelea. Haikuachwa ichachuke. Mara ya kwanza kuionja nilikumbuka togwa.

#5 MgeniBusan

Asante sana dada, hiyo ya moju watu wengi hawaambiwi.

#6 Mzee_wa_Incheon

Ndugu mwandishi, nimesoma vizuri na nakuheshimu, ila naomba kutofautiana nawe.

Nimefanya kazi kiwandani huku miaka kumi na moja. Makgeolli niliyoijua mimi ni ile ya won elfu moja na mia kadhaa, yenye hiyo aspatamu unayoilaumu. Tunatoka zamu, mvua inanyesha, mtu anasema "pajeon na makgeolli," na wote mnainuka. Wakorea wanasema mlio wa mvua unafanana na mlio wa mafuta kwenye kikaango, ndiyo maana mvua huwatia hamu. Hakuna aliyekuwa anaangalia siku ya nane wala ya kumi na tano. Jina lake jingine ni nongju, pombe ya mkulima. Waliipeleka shambani wakainywa katikati ya kazi, iliwashibisha.

Tena usisahau walikotoka. Enzi ya utawala wa Kijapani ilikuja kodi na leseni, kutengeneza nyumbani kukawa kosa. Halafu miaka ya 1960, chakula kikiwa haba, serikali yao wenyewe ikakataza mchele kwenye pombe, makgeolli ikawa ya unga wa ngano. Kuna wazee ninaowafahamu mpaka leo wanataka ile ya ngano, nzito, yenye ukakasi, kwa sababu ndiyo ya ujana wao. Hizi chupa za won elfu kumi na mbili za mchele mtupu ni za juzi tu.

Kwa hiyo msiwatishe watu. Chupa ya bei rahisi, baridi, pajeon ya moto. Inatosha.

#7 MgeniBusan

Mzee wangu, nimekusoma mara mbili, na kuhusu mvua umenishinda, sina la kujibu. Pajeon ya mvua na chupa yoyote ile ni sawa. Nakubali pia kwamba niliiandika aspatamu kwa ukali.

Ila bado nashikilia hili moja. Hao wakulima unaowataja walikuwa wanakunywa kitu kilicho hai, kimetoka mtungini, na siku yake wanaijua bila kusoma lebo. Anayekunywa ile isiyobadilika ndiye aliyeachana na shamba. Na uchachu ule ndio uliowafaa juani.

Na si lazima iwe ya bei mbaya. Hapa Busan, juu ya mlima Geumjeong, kuna kijiji ndani ya ngome ya zamani. Wanawake wa pale wanakanyaga nuruk kwa miguu, unga umefungwa kwenye kitambaa, unatoka bapa na mpana, ukingo mnene kuliko katikati. Makgeolli yao ni asilimia 8, na mwaka 1979 ndiyo ilikuwa ya kwanza kupewa kibali cha pombe ya jadi. Ina uchachu wa kweli, hata ikiwa changa. Na mnajua wanaila na nini pale kijijini? Mbuzi. Mbuzi mweusi, nyama imekatwa nyembamba, imelazwa kwenye viungo, inachomwa kwenye mkaa mbele yako. Moshi, mafuta ya mbuzi, na ile pombe chachu. Siku ya kwanza niliweka kijiti chini nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa sijala mbuzi wa kuchoma miaka miwili.

#8 Pwani_Kwetu

Salaam kutoka Kilifi. Hii ya umri ni mnazi mtupu! Wa asubuhi mtamu hata mtoto angeutaka, wa jioni unakutoa machozi. Wazee wetu wana wa kunywa na samaki na wa kunywa na maneno.

Swali langu: mimi nikiipata huku itakuwa ya kopo tu, hiyo iliyouliwa. Nifanyeje?

#9 MgeniBusan

Ya kopo haina umri, kwa hiyo itumie kama ile ya siku ya pili: ni tamu, haina makali. Ipoze sana, geuza kopo juu chini kabla ya kufungua, na uile na kitu chenye chumvi na pilipili. Bajia za dengu na chatne ya pilipili zitafaa kabisa, kwa sababu jamaa yake wa karibu huku ni bindaetteok: choroko zilizolowekwa, zikasagwa, zikakaangwa bapa kwenye mafuta mengi. Soko la Gwangjang pale Seoul utawaona wanasaga kwa jiwe linalozunguka, rojo inatiririka ndoo, na mita moja mbele kikaango. Unaila na vitunguu vilivyolowekwa kwenye soya. Ukikamulia ndimu kwenye bajia zako utarudisha ule uchachu ambao kopo limeukosa.

#10 Ulezi_Mwekundu

Je, mtu anaweza kuitengeneza nyumbani? Mchele tunao.

#11 MgeniBusan

Huku ni ruhusa tangu mwaka 1995, kwa matumizi ya nyumbani, na mwezi Juni 2021 utengenezaji wake uliingizwa kwenye urithi wa taifa usioshikika bila kukabidhiwa mtu mmoja, kwa kuwa ni wa kila nyumba. Kwenu fuateni sheria za kwenu.

Kwa kifupi: kilo moja ya mchele wa kunata, uoshe mpaka maji yawe maangavu kama glasi, uloweke saa tatu nne, uuchuje, uupike kwa mvuke dakika arobaini. Uupoze kabisa, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wali wa moto unaua hamira. Nuruk gramu 150 hadi 200, maji lita moja na robo. Vyombo vimechemshwa. Funika kitambaa, sehemu ya nyuzi 20 hadi 25, koroga mara mbili kwa siku siku tatu za mwanzo. Utasikia kama mvua ndogo ndani ya mtungi. Wiki moja hadi siku kumi, wali ukizama, chuja kwa kitambaa na ukamue machicha. Ionje kabla ya kutia maji. Tatizo lako litakuwa nuruk. Kimea cha ulezi kitakupa pombe, na nzuri, ila haitakuwa hii.

#12 BintiUnguja

Mbona hujataja hongeo? Watu wa mkoa wa Jeolla watakununia.

#13 MgeniBusan

Nilikuwa naikimbia, dada. Haya.

Hongeo ni samaki taa aliyeachwa avunde mwenyewe, bila chumvi. Mwili wa taa una urea, na akikaa inageuka amonia. Harufu yake ni ya choo cha stendi, sina namna nyingine ya kuisema, na watu wa Jeolla Kusini hawafanyi harusi bila yeye. Analiwa kwa utatu unaoitwa samhap: kipande cha taa, kipande cha nguruwe wa kuchemsha mwenye mafuta, na kimchi ya zamani, vyote funda moja. Na makgeolli juu yake. Hongeo na takju, yaani pombe yenye mashapo isiyong'aa, wakaviunganisha jina: hongtak.

Nililishwa hongeo mjini Mokpo na baba wa rafiki yangu. Alitengeneza funda mwenyewe akaninyooshea, na mkubwa akikunyooshea hukatai. Nilitafuna. Gegedu lilikuwa linalia kwenye meno, kisha amonia ikapanda puani mpaka macho yakajaa maji na koo likawa kama limepakwa mentoli. Sikuweza kumeza wala kutema. Yule mzee akanisukumia bakuli, akasema neno moja, kunywa. Ilikuwa chachu kweli, naweza kusema wiki tatu. Ikaingia, na ule moto ukazimika palepale, kama umefunga bomba. Uchachu na amonia vinauana. Kemia ya darasani, lakini nilikuwa sijawahi kuisikia ikitokea mdomoni. Kilichobaki kilikuwa mafuta ya nguruwe na utamu mdogo wa mchele kwa mbali sana.

Akaniuliza la pili nitengenezewe kubwa au dogo. Nikasema dogo. Alinitengenezea kubwa.